Mtoto wa Kulea: Haki Yake, na Kweli Tunayomficha

Twamshukuru Mwenyezi Mungu, na twamtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad, aliyezaliwa yatima akalelewa mikononi mwa watu, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Suala linalotufikia mara nyingi, katika darsa, mlangoni pa msikiti na hata barazani, ni hili: Je, yafaa Muislamu kumchukua mtoto asiyemzaa akamlea nyumbani mwake? Wanaouliza ni watu wa namna namna. Yuko mume na mkewe waliokaa miaka mingi bila ya kuruzukiwa mtoto. Yuko bibi aliyeachiwa wana wa nduguye aliyefariki. Yuko mtu aliyesikia kilio cha mtoto mchanga kando ya njia wakati wa alfajiri, akamwokota, na sasa hajui afanyeje. Na wengi wao huuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza jambo la aibu.

Kabla hatujajibu, imetuwajibikia kukiri kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tuliisomesha mas'ala hii. Tukasema, tena kwa sauti kubwa, ya kuwa Uislamu umekataza kumfanya mtoto wa mtu mwingine kuwa wako wa nasaba. Ya kuwa hakurithi wala humrithi. Na ya kuwa akisha baleghe, sharti za hijabu huingia. Yote tuliyoyasema yalikuwa kweli, lakini yalikuwa nusu ya kweli. Baada ya siku chache tulipata khabari ya kuwa mama mmoja aliyekuwa akisikiliza upande wa wanawake amemrudisha mtoto aliyekuwa akimlea, mtoto wa miaka mitatu, katika nyumba ya mayatima alikomtoa. Alipoulizwa sababu, alisema: "Sheikh amesema ni haramu." Tulimwendea tukamfafanulia. Akalia, na sisi hatukuwa na la kumwambia, kwani mtoto alikwisha pelekwa kwingine. Basi darsa hii ni deni la mama huyo juu yetu, na twaomba Mwenyezi Mungu atusamehe kwa kuchelewa kulilipa.

JAMBO LILILOKATAZWA NI LIPI?

Zama za ujahili, Mwarabu alipompenda kijana alimtangaza mbele ya watu kuwa ni mwanawe. Tangu siku hiyo kijana huyo huacha kuitwa kwa jina la babake, akaitwa kwa jina la huyo aliyemchukua, na humrithi kama anavyorithi mwana wa damu. Jambo hilo kwa Kiarabu huitwa "tabanni". Uislamu ukaja ukalifuta katika Sura ya 33, Al-Ahzab, aya ya 4 na ya 5. Maana ya aya hizo kwa ufupi ni kuwa wale tuwaitao wana kwa midomo tu hawawi wana wetu wa damu kwa kuitwa hivyo. Tuwaite kwa majina ya baba zao, kwani huo ndio uadilifu mbele ya Mungu. Na kama baba zao hawajulikani, basi wao ni ndugu zetu katika dini na ni wenzetu wa karibu.

Msomaji na azingatie vizuri. Aya haikusema, "Msiwalee." Wala haikusema, "Watoeni majumbani mwenu." Aya imetaka kitu kimoja, nacho ni kusema kweli juu ya asili ya mtoto. Na yule ambaye babake hajulikani hakuachwa nje ya mlango, bali alipewa udugu, na udugu huo amepewa na Mola wake mwenyewe. Basi ni nani awezaye kumnyang'anya?

Na kuna hadithi sahihi, waliyoipokea Bukhari na Muslim, yenye onyo kali kwa mtu anayejinasibisha na asiyekuwa babake hali ya kuwa anajua. Kwa hivyo kosa liko katika kughushi nasaba. Ama malezi ni jambo jingine kabisa, nasi tutalieleza.

KHABARI ZA ZEID BIN HARITHA

Anayetaka kuifahamu aya hiyo na asome khabari za Zeid bin Haritha (R.A.), kwani ndiye aliyeteremkiwa. Zeid alitekwa akiwa mtoto mdogo, akauzwa sokoni. Hakim bin Hizam alimnunua kwa ajili ya shangazi yake, Bibi Khadija, na Bibi Khadija akamtoa kumpa Mtume (S.A.W.). Babake, Haritha, alikuwa akimtafuta mtoto wake kwa machozi. Alipojua ya kuwa yuko Makka, alisafiri yeye na nduguye ili wamkomboe. Mtume hakutaka fidia. Alimpa Zeid khiyari yake, arudi na babake au abaki. Zeid akachagua kubaki. Hapo ndipo Mtume, kabla hajapewa utume, alipotangaza mbele ya Makureshi ya kuwa Zeid ni mwanawe, na watu wakawa wakimwita Zeid bin Muhammad. Baba yake mzazi aliondoka moyo wake umetua, kwani alimwona mwanawe yuko mahali pema.

Aya ilipoteremka, Zeid alirudi kuitwa Zeid bin Haritha. Sasa na tujiulize: Je, alipolipoteza jina hilo alipoteza na mapenzi? Alipoteza cheo? Alifukuzwa? Hasha! Bibi Aisha (R.A.) amepokewa akieleza ya kuwa Mtume hakumpeleka Zeid katika jeshi lolote ila alimfanya yeye kuwa ndiye amiri wake. Katika mwaka wa 8 wa Hijra alikuwa amiri wa kwanza katika vita vya Mu'ta, na huko ndiko alikokufa shahidi. Katika masahaba wote, yeye peke yake ndiye aliyetajwa kwa jina lake ndani ya Qur'ani. Na mwanawe, Usama, alipewa uamiri wa jeshi katika mwaka wa 11 hali ya kuwa ni kijana bado, na katika jeshi hilo wamo wazee. Watu waliponong'ona, Mtume alisimama akawatetea wote wawili, baba na mwana, akadhihirisha jinsi anavyowapenda.

Haya ndiyo mafundisho. Mtume alimrudishia Zeid jina la babake, wala hakumpunguzia hata chembe ya mapenzi. Sisi wengi wetu twafanya kinyume: twamficha mtoto jina la babake, na mapenzi nayo twampa kwa kipimo.

JAMBO LILILOAMRISHWA

Mahali pa tabanni Uislamu umeweka kafala, nayo ni kumsimamia mtoto kwa chakula, mavazi, malazi, elimu, adabu na huruma, huku nasaba yake ikibaki ilivyo. Neno hili lina asili katika Qur'ani yenyewe. Bibi Maryamu alilelewa na Nabii Zakariya, na Sura ya 3 yaeleza jinsi watu wema walivyoshindana kwa kupiga kura kwa kalamu zao ili ajulikane atakayemlea. Wao walishindania kumpata mtoto wa kulea. Leo sisi twashindana kumkwepa.

Nabii Musa alilelewa katika nyumba ya Firauni kwa huruma ya mkewe. Mtume wetu alinyonyeshwa na Halima, akalelewa na babu yake Abdul-Muttalib, kisha na ami yake Abu Talib. Naye mwenyewe akawalea wana wa mkewe, Umm Salama. Mmoja wao, Umar bin Abi Salama, alisimulia katika ukubwa wake ya kuwa alipokuwa mtoto mkono wake ulikuwa ukitangatanga katika sahani, Mtume akamfundisha kwa upole kumtaja Mungu, kula kwa mkono wa kulia, na kula kilicho mbele yake. Khabari hii kila mtoto wa chuoni anaijua. Lakini ni wangapi wetu waliotanabahi ya kuwa aliyefundishwa hapo ni mtoto wa kulea, na kuwa alikula sahani moja na mlezi wake?

Na Mtume amebashiri ya kuwa mwenye kumlea yatima atakuwa karibu naye Peponi, akaonyesha kwa vidole vyake viwili namna ya ukaribu huo. Kwa bahati mbaya, bishara hii twaisikia sana siku za kuchangisha fedha, kisha twatoa shilingi zetu twaenda zetu. Kutoa ni kheri, wala hatumvunji moyo anayetoa. Lakini yatima hakuhitaji mchele peke yake. Wahenga walisema, yatima hadeki; na sababu yake ni kuwa hana wa kumdekea. Kitu hicho hakinunuliwi kwa mchango.

MANENO YA WATU, NA MAJIBU YAKE

La kwanza. Husemwa: "Mtoto wa kuokotwa hajulikani asili yake, huenda ni mwana wa haramu, ataleta mkosi nyumbani." Twajibu: Qur'ani imeeleza mahali pengi ya kuwa hakuna nafsi ibebayo mzigo wa dhambi ya nafsi nyingine. Waliotenda dhambi, kama ipo, ni watu wazima wawili. Mtoto hana kosa. Na wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Imam Shafi wamesema ya kuwa kumwokota mtoto aliyetupwa ni fardhi ya kifaya: wakimwacha wote akafa, wote waliojua wana dhambi. Imepokewa pia ya kuwa mtu mmoja alimleta mtoto aliyemwokota kwa Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.). Umar, baada ya kuhakikisha ya kuwa mtu huyo ni mwema, alimwachia amlee, akahukumu ya kuwa mtoto ni mtu huru na kuwa matumizi yake yatatoka katika hazina ya Waislamu. Hakuuliza kama mtoto ana mkosi. Aliuliza khabari za mlezi.

La pili. Husemwa: "Haifai kumwita mwanangu." Hili ni kosa. Kilichokatazwa ni kumnasibisha. Ama kumwita mtoto "mwanangu" kwa mapenzi, Mtume mwenyewe alimwita hivyo Anas bin Malik, na watu wote wajua ya kuwa Anas si mwanawe. Na sisi watu wa pwani humwita mwanangu hata mtoto tuliyekutana naye njiani akiuza mahamri. Itakuwaje basi tumnyime neno hilo yule anayelala chini ya dari yetu?

La tatu. Husemwa: "Hana mirathi, basi akifa mlezi atatupwa." Ni kweli hana fungu katika mirathi. Lakini sheria imeacha milango miwili wazi. Mlango wa kwanza ni wasia: mtu aweza kumwusia asiyekuwa mrithi wake mpaka thuluthi ya mali yake, na hicho ndicho kipimo ambacho Mtume alimwekea Saad bin Abi Waqqas. Na mtoto wa kulea, kwa kuwa si mrithi, ndiye khasa awezaye kuusiwa. Mlango wa pili ni hiba: aweza kumpa kitu katika uhai wake, nyumba au shamba au fedha, maadamu akabidhiwe kikweli, isiwe maneno ya mdomoni tu. Zingatia ya kuwa mwenye kuusiwa thuluthi aweza kupata zaidi ya baadhi ya warithi. Basi anayetupwa baada ya kufa mlezi hakutupwa na sheria. Ametupwa na uvivu wa mlezi aliyekuwa akisema "kesho nitaandika" mpaka mauti yakamfikia. Andika wasia wako leo, uwashuhudize watu wawili waadilifu.

La nne. Husemwa: "Akikua atakuwa ajinabi ndani ya nyumba, na maisha hayatawezekana." Hapa pia sheria imetoa njia, nayo ni kunyonya. Katika madhehebu yetu, mtoto aliye chini ya miaka miwili akinyonyeshwa mara tano zilizo mbalimbali, yule aliyemnyonyesha huwa mama yake wa ziwa, na uharamu wa kuoana huenea kama unavyoenea kwa nasaba. Ukimchukua mtoto mchanga wa kiume, na dada wa mkeo ananyonyesha, amnyonyeshe; mkeo atakuwa mama yake mdogo au mkubwa wa ziwa. Ukimchukua mtoto wa kike, na dada yako ananyonyesha, amnyonyeshe. Wewe utakuwa mjomba wake wa ziwa. Na mkeo mwenyewe akiwa ana maziwa, basi hilo ni bora zaidi. Lakini jambo hili lafaa lifanywe mapema, liandikwe na lishuhudiwe, ili isije baada ya miaka ishirini ndugu wa ziwa wakaoana bila ya kujua. Na kama wakati wa kunyonya umepita, bado malezi hayakuharamika. Hubaki kuchunga adabu za hijabu mtoto anapokaribia kubaleghe, kama wanavyochunga wana wa ami waliolelewa nyumba moja. Tangu zamani majumba yetu yamejaa watoto wa ndugu na wa jirani, na wazee wetu waliyaweza hayo.

La tano, nalo ndilo kubwa. Husemwa: "Tusimwambie kamwe, atavunjika moyo." Hili twataka tulieleze peke yake, kwani ndilo lenye kuangamiza.

KWELI INAYOFICHWA

Tulihudhuria siku moja nikahi katika mtaa mmoja wa mji wetu. Watu wamekaa, kahawa imepita, bwana harusi yuko tayari. Mwenye kufungisha akamwambia mzee wa nyumba aozeshe binti yake. Mzee yule akainamisha kichwa, akanyamaza. Kisha akaomba kuzungumza faraghani. Huko akasema aliyoyaficha kwa miaka ishirini na miwili: msichana hakuwa wake. Alimchukua angali mchanga, akamwandikisha kwa jina lake, na yeye na mkewe wakaapizana wasiseme. Sasa, aliposikia atakiwa kutamka "nimekuoza binti yangu", alimwogopa Mungu.

Hukumu yenyewe ilikuwa nyepesi. Mlezi si walii wa nasaba. Msichana kama ana baba au ndugu wa kiume au ami, hao ndio mawalii wake, na kama hawajulikani, walii wake ni Kadhi. Jambo likapelekwa kwa Kadhi, na baada ya siku chache nikahi ikafungwa sahihi. Lakini msichana yule alikuwa amekaa chumbani na hina mikononi, na aliisikia khabari ya asili yake kutoka kwa mwanamke mmoja wa jirani, mlangoni, kabla babake mlezi hajapata kumwambia. Tuliambiwa ya kuwa neno lake la kwanza halikuwa "baba yangu ni nani?" Alisema: "Kumbe watu wote walikuwa wakijua?"

Na hiyo ndiyo jeraha. Hakuumia kwa kuwa alilelewa, bali aliumia kwa kuwa alidanganywa, na kwa kuwa mtaa mzima ulishiriki. Tusijidanganye ya kuwa siri ya namna hii hukaa. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Atalisikia chuoni mtoto mwenziwe akikasirika, atalisikia msibani, atalisikia siku ya kugawa mirathi, pale ndugu wa mlezi watakapomwambia, "Wewe kaa kando." Mwenye kumpenda mtoto hawezi kumwachia adui amweleze khabari zake.

Basi amwambie nani, na lini? Twasema: amwambie mlezi mwenyewe, na aanze mapema, mtoto angali mdogo, kwa maneno mepesi, wala asingoje siku moja kubwa ya kutoboa siri. Amsimulie khabari za Nabii Musa na za Bibi Maryamu, na za Mtume aliyelelewa na ami yake, kisha amwambie: "Na wewe pia Mungu alikuleta kwetu namna hiyo. Hukutoka tumboni mwa mama, lakini tulikuomba kwa Mungu na tulikupokea kwa furaha." Mtoto wa miaka minne akisikia hayo huyapokea kama anavyopokea kuwa jua huchomoza. Akiuliza tena akiwa na miaka minane, ajibiwe tena, na zaidi kidogo. Akiuliza khabari za mama yake mzazi, asitukanwe mama huyo mbele yake hata kama alikosa; kwani kumtukana yeye ni kumtukana mtoto. Na yale mazito aambiwe kadiri ya umri wake, bila ya uwongo. Kunyamaza juu ya jambo mpaka wakati wake ufike kwaruhusiwa. Kusema uwongo hakuruhusiwi.

Na kama asili ya mtoto yajulikana, isikatwe. Apelekwe kuwaona jamaa zake, azike maiti wao, awaamkie siku za Idi. Haritha alimwona mwanawe Zeid, na Mtume hakuona wivu.

SHERIA YA NCHI

Ndugu zetu wengi huogopa serikali katika jambo hili, na wengine huona njia fupi ni kupata cheti cha kuzaliwa kwa jina lisilokuwa la kweli. Hilo ni haramu kwa dini na ni kosa kwa sheria, na ndiyo ile tabanni ya ujahili iliyovaa nguo mpya. Wala hakuna haja nalo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 umeitaja kafala ya Kiislamu katika kifungu chake cha 20 kuwa ni njia mojawapo ya kumtunza mtoto aliyekosa malezi ya wazazi wake, na Kenya iliuridhia mkataba huo katika mwaka 1990. Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 nayo imeitambua kafala. Na Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 14, yasema ya kuwa mtoto aliyeokotwa nchini, anayeonekana hajafika miaka minane na wazazi wake hawajulikani, huhesabiwa ni raia kwa kuzaliwa. Basi mtoto huyo ana nchi. Lililobaki ni sisi kumpa nyumba.

Mwenye kumwokota mtoto asimfiche ndani. Apige ripoti polisi na kwa ofisi ya watoto, awaarifu jirani na imamu wa msikiti. Na hili si jambo la kigeni: wanavyuoni wa madhehebu yetu wametaka mwenye kuokota mtoto ashuhudize watu, ili isipotee nasaba ya mtoto wala uhuru wake, na chochote kilichokutwa naye ni mali yake. Waliona khatari ya mtoto kuibwa au kufanywa mtumwa, na khatari hiyo hata leo haijatoweka.

Tena katika mwaka 2022 serikali ilitangaza mpango wa miaka kumi wa kupunguza watoto wanaokaa katika majumba ya malezi, warejee katika familia. Sisi Waislamu tuna majumba ya mayatima mengi pwani hii, na waliyoyajenga walikusudia kheri. Lakini tujiulize kwa ukweli: katika watoto waliomo humo, je, hakuna wenye mama aliye hai, ambaye ufukwara tu ndio uliomtenga na mwanawe? Kumsaidia mama huyo akae na mwanawe ni bora kuliko kumjengea mtoto kitanda mbali naye. Na asiyekuwa na mtu, nyumba ya Muislamu yenye sahani moja zaidi ni bora kwake kuliko jumba la vitanda hamsini.

MANENO YA KUWAUSIA WALEZI

Enyi mnaolea, msimfanye mtoto wa kulea kuwa mtumishi. Tumeona nyumba ambamo wana wa damu wakaenda shule, na yeye akachota maji; wao wakavaa nguo mpya ya Idi, naye akavaa walizoziacha. Huo si ulezi, ni utumwa wenye jina zuri. Kama ana mali aliyoachiwa na wazazi wake, muiogope kama mnavyouogopa moto, kwani Qur'ani, katika Sura ya 4, imewafananisha wala mali ya yatima kwa dhulma na watu wajazao matumbo yao moto. Akikosa, mfunzeni kama mnavyowafunza wenu. Msiogope kumrudi kwa kuwa si wenu, wala msimsimbulie asili yake mnapokasirika. Neno moja la masimbulizi laweza kubomoa malezi ya miaka kumi. Wahenga wamesema, kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Na kazi yote yenye malipo makubwa ina taabu yake.

Nanyi jirani na jamaa, msiulize mbele ya mtoto, "Huyu ndiye yule?" Msimpime uso wake na uso wa mlezi. Na mke asiyezaa akichukua mtoto, msimwambie, "Afadhali, utajipoza." Mtoto si dawa ya mtu. Ni amana.

MASUALA YA KUZUNGUMZWA KATIKA DARSA

1. Aya ya 5 ya Sura ya 33 imekataza nini, na haikukataza nini?
2. Zeid (R.A.) alipoteza nini jina lake liliporudishwa, na alibakiwa na nini?
3. Katika mtaa wetu, ni mtoto gani anayejua mtaa wote khabari zake ila yeye mwenyewe? Asitajwe jina, bali kila mmoja na ajiulize atamsaidiaje mlezi wake kusema kweli.
4. Ni nani kati yetu anayelea na hajaandika wasia?

Mama yule tuliyemtaja mwanzoni bado huhudhuria darsa yetu. Hajapata mtoto mwingine. Tulipomwomba ruhusa ya kuandika khabari yake bila ya jina, alituambia tuandike, na akaongeza: "Mwaambie watu waulize mara mbili kabla hawajamrudisha mtoto." Tumeifikisha amana yake. Nasi twawaambia walimu wenzetu: mnapotaja makatazo, tajeni na maamrisho yake katika kikao hicho hicho, kwani msikilizaji huenda asirudi kesho, na mtoto huenda akawa alikwisha ondoka usiku ule ule.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape wasio na wazazi nyumba, awape wasio na watoto subira na njia, na atuongoze sote katika kusema kweli. Amin.